Siri ya mfungwa ni ya nani?

Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni

"Afande, nikikwambia neno, utamwambia mtu?"

Swali hilo aliulizwa ofisa mmoja wa ustawi wa jamii, Jumatatu moja asubuhi, katika gereza ambalo sitalitaja. Aliyeuliza alikuwa kijana wa miaka 19 aliyefungwa kwa wizi. Ofisa mwenyewe alikuwa na miezi minne tu kazini. Akajibu haraka, kama ambavyo wewe nami tungejibu: "Sema, mdogo wangu. Halitoki humu ndani."

Kijana akasema. Katika selo yao kulikuwa na wembe umefichwa, na wenye wembe walikuwa wakimngoja mfungwa mwenzao wamalizane naye kwa sababu ya deni la sigara. Ofisa alikaa na siri ile hadi saa nane mchana. Ilipomshinda akaenda kwa mkuu wa gereza. Jioni ile selo ikapekuliwa, wembe ukapatikana, na yule aliyekusudiwa akalala salama. Lakini wafungwa wana macho. Nani aliitwa ofisini asubuhi ile? Mmoja tu. Usiku wa pili kijana alipigwa hata akavunjika mkono, na tangu siku hiyo hadi alipomaliza kifungo chake hakumpa ofisa yule neno lolote zaidi ya shikamoo.

Ofisa huyo sasa ni mzee aliyestaafu. Aliponisimulia kisa hiki tulikuwa tumeketi barazani kwake tukinywa kahawa. Nikamuuliza, "Sasa mzee, ulikosea kusema, au ulikosea kunyamaza hadi saa nane?" Akatikisa kichwa. "Nilikosea asubuhi," akasema, "nilipoahidi."

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niitumie nafasi ya juma hili kuzungumzia watu ambao hatuwasikii sana: maofisa ustawi wa jamii wanaofanya kazi magerezani. Tunamjua askari magereza kwa sare yake. Tunamjua hakimu kwa hukumu zake. Lakini huyu anayekaa katikati, asiyefunga wala asiyefungua, kazi yake ni nini hasa? Na kwa nini ni ngumu kuliko inavyoonekana?

Tuanze na asili yake. Mwaka 1841, katika mji wa Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus aliingia mahakamani akamwekea dhamana mlevi mmoja aliyekuwa karibu kupelekwa jela. Akamwomba hakimu ampe muda, naye akaahidi kumwangalia. Mlevi yule alirudi mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Augustus akaendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, na leo ndiye anayetajwa kuwa ofisa wa uangalizi wa kwanza duniani. Fikra yake ilikuwa nyepesi: mkosaji ana nyumba, ana ndugu, ana kilichomfikisha pale, na mtu fulani hana budi kuyajua hayo.

Fikra hiyo imeingia katika kanuni za dunia. Mwaka 1955, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva ulipitisha kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho na kupitishwa upya na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015, zikapewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 78 inasema kwamba gereza lipate, kadiri inavyowezekana, wataalamu wa kutosha, wakiwamo waganga wa maradhi ya akili, walimu na maofisa ustawi wa jamii, na kwamba huduma ya ofisa ustawi iwe ya kudumu. Kanuni ya 106 inataka uhusiano wa mfungwa na familia yake utunzwe. Kanuni ya 107 inataka mambo ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo.

Hapa kwetu Tanzania, sheria ya kuanzisha chuo cha kuwafunza watu wa fani hii ilitungwa mwaka 1973, na chuo hicho ndicho leo tunachokijua kwa jina la Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Kisha zikaja sheria zilizowaongezea kazi. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 ilifungua njia kwa mfungwa anayestahili kumalizia kifungo chake nje kwa masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ilimwezesha mkosaji wa kosa dogo kufagia hospitali au kupalilia bustani ya umma badala ya kwenda jela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na ikampa ofisa ustawi kazi ya kuichunguza hali ya mtoto huyo na kuipelekea mahakama taarifa. Kila moja ya sheria hizi inahitaji mtu wa kwenda, kuuliza, kusikiliza na kuandika.

Sasa tuzitazame taabu zake.

Taabu ya kwanza ni ya mabwana wawili. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Ofisa ustawi amefunzwa chuoni kwamba kazi yake ni kumhudumia mtu aliye mbele yake, amheshimu na amsaidie kuamua mambo yake mwenyewe. Lakini akifika gerezani anakuta kazi ya kwanza ya mahali pale ni ulinzi: wafungwa wasitoroke, wasiumizane, wahesabiwe asubuhi na jioni. Tena mara nyingi yeye mwenyewe ni askari, ana cheo na anampigia saluti mkuu wa gereza. Mfungwa anapomtazama haoni mshauri, anaona sare. Ndiyo maana kijana yule alianza kwa kusema "Afande".

Si kwamba ulinzi ni jambo baya. Gereza lisilo na ulinzi ni hatari kwa mfungwa dhaifu kabla halijawa hatari kwa mtu mwingine. Ubaya unakuja pale ofisa anapofanywa sikio la gereza, yaani anapotumwa awachimbe wafungwa habari kwa kisingizio cha ushauri. Akikubali mara moja tu, habari itaenea kwa nyapara hadi kwa mpishi, na mlango wake hautagongwa tena na mwenye shida ya kweli.

Taabu ya pili ni siri yenyewe. Shirikisho la kimataifa la watu wa fani hii, lililoanzishwa mwaka 1956, lilipitisha upya misingi ya maadili yao huko Dublin mwaka 2018, na faragha ya mteja ni mmoja wa misingi hiyo. Lakini misingi hiyo hiyo inakubali kwamba siri ina mpaka, hasa pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini. Sisi waandishi wa habari tunalijua jambo hili kwa sehemu. Tunafunzwa kutomtaja aliyetupa habari. Hata hivyo mtu wetu wa habari akishatuaga huenda kwake. Mfungwa akishaaga, anarudi selo ile ile, kwa watu wale wale.

Yako mambo ambayo sheria imeyafunga kabisa. Mathalani, Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha mtu, na kuyatoa ovyo ni kosa. Kuwa mfungwa hakumwondolei mtu ulinzi huo. Askari akiuliza, "Yule wa selo namba tatu ana nini, mbona anachukua dawa kila siku?" jibu la ofisa ustawi ni moja tu: hilo ni baina yake na mganga wake.

Lakini yako mambo ambayo sheria haikuyafunga, nayo wengi hawayajui. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake. Ofisa ustawi hakupewa kinga hiyo. Maana yake ni nini? Chukua mahabusu anayengoja kesi ya mauaji. Usiku hapati usingizi. Anakwenda kwa ofisa ustawi, analia, na anataka kueleza yote yaliyotokea siku ile. Ofisa mwenye huruma lakini asiye na hadhari atamwacha aseme, na kesho aweza kuitwa kizimbani kuyarudia maneno yale. Ofisa mwenye hadhari atamwambia, "Ndugu yangu, nieleze usingizi wako, nieleze watoto wako. Habari ya kesi mwekee wakili wako." Na kama hana wakili, kazi ya ofisa ni kumwunganisha na watoa msaada, kwa kuwa tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua hata wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Hapo ofisa amemtunza mtu wake kwa kumzuia kusema.

Taabu ya tatu ni kalamu. Bodi ya parole au mahakama inapomfikiria mtu, karatasi ya ofisa ina uzito. Mstari mmoja wa "amebadilika tabia" waweza kumrudisha mtu nyumbani, na mstari wa "bado ni hatari" waweza kumbakiza ndani miaka. Hapo ndipo shinikizo huanza. Mke wa mfungwa anakuja na mtoto mgongoni. Mkuu ana mtu wake anayetaka atoke, au mtu msumbufu anayetaka abaki. Na yule aliyekosewa, ambaye nyumba yake ilivunjwa au binti yake alidhuriwa, yuko kijijini, hana nauli ya kuja kusema lake.

Ofisa mwaminifu huandika alichokiona na alichokisikia, na hutenganisha viwili hivyo. "Mfungwa ameniambia kwamba ameacha pombe" si sawa na "mfungwa ameacha pombe". Huenda pia kijijini, akaonane na mwenyekiti, ndugu na aliyekosewa, maana mfungwa anayerudishwa kwa watu wasiotayarishwa hajasaidiwa. Kisha humsomea mfungwa mwenyewe mambo makuu yaliyoandikwa juu yake, hata yale machungu. Mzee wangu wa barazani aliniambia kwamba hilo la mwisho ndilo lililompa heshima gerezani kuliko yote. "Walijua siandiki nyuma ya migongo yao," alisema.

Taabu ya nne ni umri. Tumesema mtoto hatakiwi kufungwa. Lakini watoto wangapi katika nchi yetu hawana cheti cha kuzaliwa? Kijana analetwa na hati inayosema ana miaka 19. Ofisa akimtazama na kumhoji, anaona mtoto wa miaka 15 au 16. Mkubwa wake anamwambia, "Hati ni ya mahakama, wewe si daktari wala hakimu." Ni kweli, si daktari wala hakimu. Lakini akinyamaza, mtoto atalala na watu wazima, na kila mtu anajua maana yake. Wajibu wake ni kuandika shaka yake, kutafuta kadi ya kliniki, mama mzazi au daftari la shule, na kuomba suala la umri lirudishwe mahakamani. Wakati huo huo aombe kijana alazwe mahali pa peke yake na watu wazima. Hapo hajavunja amri ya mtu. Ametumia njia iliyopo.

Taabu ya tano ni mama na mtoto. Mwanamke anayenyonyesha huweza kuingia gerezani na mtoto wake. Siku inafika mtoto ameacha ziwa, ameanza kutembea, na dunia yake yote ni ukuta na funguo. Atoke? Bibi yake ni mzee na maskini. Abaki? Atajifunza kuhesabiwa kabla hajajifunza kuhesabu. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha kwa ajili ya wanawake wafungwa, zinaelekeza kwamba uamuzi wa namna hii uangalie maslahi ya mtoto kwanza, na kwamba mtoto asitolewe kabla hayajapatikana malezi mengine yanayofaa. Kwa ofisa, hiyo ina maana ya safari ya kwenda kumwona bibi kabla ya kusaini karatasi, na safari nyingine baadaye kumrudishia mama habari. Mama anayekaa miezi sita bila kujua mwanawe amelala wapi ameongezewa adhabu ambayo hakimu hakuitamka.

Habari zenyewe nazo ni mtihani. Kanuni ya 70 ya Mandela inasema mfungwa aarifiwe mara moja ndugu yake wa karibu anapougua sana au kufariki. Lakini wapo wanaoshauri, "Tusimwambie leo, ataleta fujo, tungoje." Wanangoja juma, kisha mwezi. Mtu anakuja kujua kwamba alikuwa akimwombea afya mama ambaye alikwisha kuzikwa. Ofisa anayejua kazi yake atasimama na kusema: aambiwe leo, aambiwe na mtu aliyeketi, wala si kwa kupitia dirishani, na usiku huu asiachwe peke yake.

Taabu ya sita ni mkono wa shukrani. Familia ikiona mtu wao anasaidiwa, huleta kuku, kitenge, au "nauli kidogo". Kwa desturi zetu kukataa zawadi ni kama kutukana. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Leo ni kuku, kesho ni barua ndogo isiyopitia ofisini, kesho kutwa ni simu ya mkononi ndani ya boksi la sabuni. Na mfungwa ambaye ndugu zake hawana kuku je? Atahudumiwa na nani? Yule mzee alikuwa na desturi yake. Zawadi ikiletwa, aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akairudisha pale pale akisema, "Mpelekeeni mtoto wa mfungwa, mwambieni imetoka kwa baba yake." Hakuna aliyekasirika.

Taabu ya saba, na labda nzito kuliko zote, ni kuona mabaya ya wenzake. Mfungwa anamwonyesha alama mgongoni. Aliyempiga ni askari ambaye ofisa anakula naye, watoto wao wanasoma shule moja, nyumba zao zimepakana katika kota. Akisema, ataitwa msaliti. Akinyamaza, alama zitaongezeka. Hapa hakuna hila ya kumwondolea uzito. Aandike tarehe, alichoonyeshwa na alichoambiwa. Ahakikishe mganga amemwona mfungwa. Apeleke taarifa kwa mkuu wa gereza, na isiposikilizwa, iko ngazi ya juu, na iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, yenye mamlaka ya kuchunguza malalamiko. Na kabla ya yote amuulize mfungwa mwenyewe: unataka nifike wapi na jambo hili? Maana ndiye atakayelala mle usiku.

Msomaji mmoja atasema: mtangazaji, mbona huruma yote hii kwa wezi? Sisi tulioibiwa nani anatuhurumia? Swali hilo ni halali, wala silipuuzi. Lakini tukumbuke jambo moja. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Wote hao walikuwa wa kurudi mitaani, kwenye daladala zetu, na wengine nyumba ya pili kutoka kwetu. Hata pasipo msamaha, vifungo vingi vina mwisho. Basi jambo la kujiuliza ni hili: mtu huyo akitoka, atatoka akiwa ameongea na mtu mwaminifu hata mara moja, au atatoka akiwa amejifunza kwamba hakuna wa kuaminiwa?

Nini kifanyike? Sitataja mambo makubwa yanayongoja fedha za miaka kumi. Ofisa apewe chumba chenye mlango unaofungwa, ambacho askari wanaweza kumwona mfungwa lakini hawamsikii. Apewe kabati lenye ufunguo wake mwenyewe. Apate mkubwa wa fani yake, hata kama yuko mkoani, wa kumpigia simu anapokwama, ili asipimwe na watu wa ulinzi peke yao. Askari wapya nao waelezwe katika mafunzo yao kwamba siri za ofisi ile si dharau kwao. Na sisi wa mitaani, ofisa anapokuja kuuliza habari za mtu wetu aliye ndani, tumpe kiti na tumwambie kweli.

Nilimuuliza mzee, baada ya kisa cha wembe, alilijibuje swali lile kwa miaka yote iliyofuata. Akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nawaita watu watano au sita kila asubuhi," akasema, "hata wasio na shida, ili asijulikane mwenye shida ni nani. Na kila aliyeniuliza kama nitamwambia mtu, nilimjibu: keti kwanza nikueleze. Mambo ya nyumbani kwako, ya afya yako na ya moyo wako nitayatunza. Mtu akitaka kuuawa, au wewe ukitaka kujiua, sitanyamaza, lakini nitakwambia kabla sijasema, na tutatafuta pamoja namna ya kukulinda. Sasa chagua, useme au usiseme."

"Na walisema?" nikamuuliza.

"Wengine waliondoka," akajibu. "Wengi walisema."